Mradi wa skauti niliuongoza mimi, sasa mwanangu hataki kutia sahihi

Salaam Mshauri,

Nilianza kusoma safu hii nikiwa Voi, na sasa naisomea kwenye simu nikiwa Texas, Marekani, ninakoishi na mke wangu na watoto wetu wawili. Hii ni wiki ya tatu nikirudi kutoka zamu ya usiku ghalani, nalala chali natazama dari. Mke wangu amenisihi nikuandikie.

Habari ni za kifungua mimba wetu. Atatimiza miaka 18 katikati ya Septemba. Ni skauti tangu ana miaka 11. Huku ngazi ni saba. Ya sita inaitwa Life, na ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho, ni Eagle, yaani tai. Hiyo ndiyo kila mzazi huizungumzia. Mwanangu yuko Life. Ili apande, anatakiwa awe na beji za ustadi 21, awe ameshika wadhifa kikosini kwa miezi sita akiwa kwenye ngazi hiyo ya Life, na aongoze mradi wa kuifaa jamii, yote hayo kabla ya kufika miaka 18. Beji anazo. Kwa ile ya kambi amelala nje usiku 20. Kwa ile ya kusimamia fedha aliandika kila senti iliyoingia na kutoka kwa wiki 13, na daftari lile mamake amelitia kwenye sanduku la vyeti. Wadhifa pia aliushika, mtunza vifaa wa kikosi, na hakuna hema lililopotea mikononi mwake. Ukabaki mradi. Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Kanisa letu lina chumba cha kugawia chakula familia zenye shida, nyingi zikiwa za wakimbizi kutoka Kongo. Magunia ya mchele yalikuwa yakiwekwa sakafuni, na akina mama wakipanga foleni wamesimama, watoto mgongoni. Jioni moja tukiwa mezani mwanangu akasema, "Si ningewatengenezea mabenchi?" Nilifurahi sana. Kisha wiki zikapita bila kitu kuandikwa, nami nikaanza kuhesabu siku. Usiku mmoja nikaliandika pendekezo la mradi mwenyewe, nikaongeza na rafu. Alilisoma, akasema, "Sawa, Baba," akalipeleka likaidhinishwa. Baada ya hapo sikusimama. Nilichora vipimo, nikapiga simu, nikanunua mbao kwa pesa zangu za ovataimu, na nyingi nikazikata mwenyewe gereji kwangu ili siku ya kazi mambo yaende haraka.

Siku hiyo, Jumamosi ya mwezi wa Aprili, walikuja vijana 12. Mmoja alishika ubao akamwuliza mwanangu, "Huu unakwenda wapi?" Mwanangu hakuutazama ubao. Alinitazama mimi. Na mimi, Mshauri, nilijibu kabla hajafungua mdomo. Ikawa hivyo mpaka jioni. Rafu sita na mabenchi manne vilisimama, vanishi inang'aa, mchungaji akapiga picha. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Eagle wetu huyu hapa." Pongezi zikamiminika.

Kilichobaki ni ripoti. Ndani yake kuna swali linalomtaka aeleze jinsi alivyowaongoza wenzake, na kuna ahadi ya kutia sahihi kwamba, kwa heshima yake kama skauti, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa mradi. Siku tatu mfululizo nilimwona amekaa na kompyuta. Nikachungulia begani mwake. Alikuwa ameandika maneno mawili: "Nilibeba mbao." Akageuka, akaniambia bila hasira, "Baba, mengine niandike nini? Uliongoza wewe. Sitii sahihi."

Nilifoka. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Tangu siku ile tunasalimiana tu.

Sikiliza na hili, labda litakusaidia kunielewa. Nilipokuwa darasa la saba, shule yetu ilipeleka maskauti Nyeri, kwenye kaburi la Baden-Powell, tarehe 22 Februari, siku ya kumkumbuka mwanzilishi wao. Mimi sikwenda. Sikuwa na shati la kaki wala nauli, na marehemu baba alisema pesa zilizopo ni za karo. Wenzangu walirudi wakisimulia habari za jiwe lenye duara na nukta katikati, alama ya njiani ya maskauti inayosema "nimekwenda nyumbani". Nililiona jiwe hilo mwaka 2016 tulipokuja likizo. Mwanangu alikuwa na miaka minane. Aliniuliza maana ya ile alama, nikamweleza, naye akasema hapo hapo kwamba anataka kuwa skauti. Nilijiambia: huyu hatakosa kitu. Chanda chema huvikwa pete, na yeye pete yake ataivaa.

Mke wangu anasema nimwache aamue. Kaka yangu anasema sahihi ni wino tu, mtoto atie, maisha yaendelee. Wazee kikosini husema Eagle humfungulia kijana milango ya vyuo, na hata jeshini huanzia cheo cha juu kidogo kuliko wenzake. Sitaki mwanangu aikose milango hiyo kwa kosa langu. Na juzi binti yetu wa miaka 12, ambaye amejiunga na kikosi cha wasichana, ameniuliza kwa moyo mweupe kabisa: "Baba, na wangu utanitengenezea?"

Nimshurutishe? Nimwache aachie hapo alipofika? Niende kwa kiongozi wa kikosi niseme kosa ni langu?

Baba wa Skauti, Texas

MSHAURI ANAJIBU

Kaka yangu,

Pole kwa usiku huo wote wa kutazama dari. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale kijana alipouliza ubao unakwenda wapi. Ungeweza kabisa kuniandikia bila kunisimulia hilo, nami nisingejua. Umelisimulia. Mtu anayeweza kuiona sekunde ile moja na kuitaja ana pa kuanzia na mwanawe.

Nikiielewa sawasawa barua yako, shida ni hii: mwanao amebakiza hatua chache kuifikia ngazi aliyoitafuta tangu utotoni, wewe kwa mapenzi na kwa hofu ya kalenda ulimfanyia sehemu iliyopaswa kuwa yake, na sasa anaambiwa aahidi kwa heshima yake kwamba ilikuwa yake. Wewe unaogopa atapoteza Eagle. Yeye, kwa maneno yale machache aliyokuambia, naona anaogopa kitu kingine. Hofu hizo mbili zinaishi nyumba moja na hazijazungumza.

Kabla ya kuyaangalia maswali yako, niruhusu niguse mambo ambayo umeyachukulia kuwa yamekwisha thibitika.

Unasema uliingia, kana kwamba kuingia kwenyewe ni kosa. Mzazi haruhusiwi kuwa kiongozi wa mradi, lakini kusaidia anaruhusiwa. Anaweza kutoa pesa, na za familia hata hazihitaji kibali cha kuchangisha. Anaweza kubeba mbao na kuendesha msumeno ambao mtoto hapaswi kuugusa. Kinachotakiwa kwa kijana ni apange, aendeleze na aongoze watu wengine, wasiopungua wawili. Saa hazina kiwango cha chini, wala ukubwa wa kazi hauna. Rafu sita hazimpi kijana sifa kuliko benchi moja. Nalitaja hili kwa sababu nadhani mradi ulikua mikononi mwako. Mwanao alisema mabenchi. Rafu uliongeza wewe.

Na je, una hakika hakuongoza chochote? Wazo lilikuwa lake, umeniandikia mwenyewe. Vijana 12 waliamka Jumamosi wakaja, lakini barua yako haisemi ni nani aliyewaita, wala ni nani aliyewafundisha wale wadogo kushika drili, kama yupo aliyewafundisha. Huenda kuna mambo yaliyopita nyuma ya mgongo wako ukiwa umeinamia pimamaji. Ila hapa uwe mwangalifu sana, kaka. Ukienda kwake na orodha ya kumthibitishia kwamba aliongoza, utakuwa umemwandikia ripoti pia. Mwulize, kisha unyamaze. Akikujibu kwamba alibeba mbao tu, basi hilo ndilo jibu lake, na anastahili kuaminiwa, kwa kuwa ni jibu linalomgharimu.

Kuhusu kalenda, Septemba si ukuta mrefu kama unavyouona. Mradi, beji, wadhifa na mazungumzo na kiongozi wa kikosi lazima vikamilike kabla hajatimiza miaka 18. Jopo la tathmini, yaani wale watu wazima watakaozungumza naye na kuamua kama anapewa Eagle, linaweza kukaa baadaye. Kwa hiyo siku mlizo nazo ni za kazi yenyewe, na foleni ya vikao haizili. Lakini pia usitegemee kuongezewa muda. Nyongeza hutolewa kwa mambo mazito yaliyo nje ya uwezo wa kijana, na baba aliyesaidia kupita kiasi sidhani ataingia humo.

Sasa njia. Ile ya kaka yako, kwamba sahihi ni wino, wengi wataifuata, na huenda nyumbani kwako isilete madhara yoyote ya kuonekana. Mchungaji ameridhika, rafu zipo, akina mama wamekaa. Ila mfikirie mwanao mbele ya jopo. Watakuwa watu wazima watatu hadi sita. Wewe hutakuwamo, mzazi haruhusiwi, na kiongozi wake hatakuwa mmoja wao. Hawatamtahini fundo wala dira. Watataka wazungumze naye, na ni jambo la kawaida kabisa mtu kumwuliza: siku ile kitu kilipokwenda kombo, ulifanyaje? Atatazama upande uliozoea kusimama wewe. Hata akijibu vizuri na uamuzi ukapita, maana ni lazima wakubaliane wote, neno Eagle ataliandika kwenye fomu za chuo, za ufadhili na za kazi akiwa na miaka 20, 30, 50. Kila mara yeye ndiye atakayejua. Kuna watu ambao jambo kama hili huwatoka akilini. Huyo aliyekaa siku tatu na maneno mawili, wewe unamjua kuliko mimi.

Njia nyingine ni aandike ripoti kama mambo yalivyokuwa. Swali lile la uongozi linampa nafasi ya kueleza pia kilichomwia vigumu, na kijana akieleza kwamba alishindwa kumwambia baba yake "niachie", atakuwa ameeleza kitu kizito kuhusu uongozi ambacho watu wazima wengi hawajawahi kukisema. Hatari yake iko wazi. Ile ahadi bado ipo pale chini, na hataitia sahihi kwa kuwa tu maelezo ya juu ni ya kweli. Pia watakaoisoma wanaweza kusema hapana. Rufaa ipo, lakini rufaa si raha.

Au aende kwa kiongozi wa kikosi kabla ya sahihi yoyote, amweleze. Huenda ikaonekana kuna kazi iliyobaki pale kanisani ambayo angeiongoza mwenyewe, huenda akaambiwa aanze mradi mpya. Mpya maana yake pendekezo jipya, na haruhusiwi kugusa msumari kabla halijaidhinishwa na wanaofaidika, kiongozi wake, kamati ya kikosi na baraza la skauti la eneo. Na ni kiangazi, watu wamesafiri, simu hazipokelewi. Inawezekana kwa miezi iliyobaki. Inawezekana pia muda ukamshinda, na hapo utamwona mwanao akikosa kitu ulichokuwa na uwezo wa kumfanyia kwa wikendi moja. Jiulize kama utaweza kukaa ndani ya gari siku hiyo, mikono mapajani, ukitazama ubao uliokatwa kwa kipimo kibaya.

Umeniuliza kama wewe ndiye uende kwa kiongozi. Naliheshimu sana wazo hilo, maana ni la mtu anayetaka kubeba lake. Lakini liangalie vizuri: ungekuwa umemwongoza hata katika kukiri. Labda yeye angependa uwe pembeni yake. Labda angependa aende peke yake, akukute nje. Sijui, na hata wewe hujui bado, kwa sababu hilo hajaulizwa.

Na ipo njia ya kubaki Life. Naona unaitaja kama kaburi. Ni ngazi ya sita kati ya saba, kaka yangu, na usiku ule 20 wa nje hakuna atakayeufuta. Lakini sisemi aichukue. Kijana wa miaka 17 anaweza kusema "sitaki" akimaanisha "nimechoka", au "naona aibu", au "nimekukasirikia", na zote tatu zikatoka kwa sauti ileile. Mlango huu ukifungwa na siku ya kuzaliwa haufunguki tena, na akiuacha kwa ajili ya kukuadhibu wewe, anaweza kuja kuujutia akiwa na watoto wake. Akiuacha kwa sababu dhamiri yake imemwambia hivyo, ni jambo jingine. Mpeni nafasi ya kulijua lipi ni lipi.

Juu ya Nyeri nitasema kidogo, kwa heshima ya marehemu baba yako. Nimemwona yule mtoto wa Voi asiye na shati la kaki, na sidhani aliwahi kuambiwa pole. Pole. Alistahili kupanda lile basi. Lakini mbele ya lile jiwe mwaka 2016 walisimama wavulana wawili, mmoja wa miaka minane na mmoja aliyekuwa amebaki shuleni miaka mingi kabla, na sina hakika ni yupi uliyemsikia akisema anataka kuwa skauti. Nadhani wote wawili walisema. Wa miaka minane amekua, amekusanya beji 21 kwa miguu yake mwenyewe, na sasa anakutazama usoni anakwambia hapana. Kule kanisani hakuweza kukwambia.

Kuhusu methali yako, chanda chema huvikwa pete, ni nzuri na ni ya kwetu. Nakuomba ukae nayo usiku mmoja ukijiuliza ni chanda cha nani.

Kuna jambo moja ambalo halimngoji mwanao aamue chochote, nalo ni yale maneno uliyokataa kuniandikia. Hayo ni yako peke yako. Usiyafungamanishe na ripoti, wala usiyatumie kufungulia mazungumzo ya sahihi. Mwombe msamaha kwa hayo, umalize hapo, uende kazini. Akija yeye kuzungumza habari za mradi, iwe kesho au baada ya wiki, msikilize. Na lile kundi la ukoo, kama ipo haja ya kusahihisha, mwulize kwanza angependa lisemwe nini, maana habari ni zake.

Nimebaki na binti. Amejiunga wakati mzuri. Mlango huu kwa wasichana ulifunguliwa mwaka 2019, na kundi la kwanza la wasichana waliofikia Eagle lilitambuliwa 2021, kwa hiyo ana dada waliomtangulia, na ana miaka sita kabla ya Septemba yake mwenyewe. Alikuuliza kama na wake utamtengenezea. Umeniandikia swali lake, lakini hukuniandikia ulimjibu nini. Ukipata nafasi ya kuniandikia tena, nianzie hapo.